Nilivyovifufua vitabu vya ubatizo vya parokia yangu

Padre aliyenitangulia katika parokia yangu ya kwanza alinikabidhi funguo za kanisa, muhuri na kabati moja la mbao, akaniambia kwamba ya kabatini nisiyasumbukie, kwa kuwa waamini huja kwa ajili ya Misa na si kwa ajili ya makaratasi. Nilimwamini kwa miezi minne.

Mwezi wa tano alikuja ofisini mwanamume mchangamfu aliyehitaji cheti cha ubatizo ili akafunge ndoa katika parokia nyingine. Nililiona jina lake kitabuni, nikatazama pembeni mwake, ambako ndoa huandikwa, nikakuta peupe kabisa. Nilikuwa nimefika katikati ya kukiandika cheti kalamu ilipokauka, na katika kutafuta nyingine kwenye droo ya chini nikakutana na rundo la bahasha ambazo hazijawahi kufunguliwa, kumi na tisa kwa hesabu, zote kutoka kwa maparoko wengine. Mojawapo ilikuwa taarifa kwamba mwanamume yule yule alikwisha kufunga ndoa kanisani miaka sita nyuma. Nilipomwuliza kwa upole, alisema alidhani jambo hilo limeshasahaulika. Kwa upande wetu lilikuwa limesahaulika kweli, na lau ile kalamu ingekuwa na wino, ningetia sahihi kwamba yu huru kuoa.

Tangu siku hiyo simwachi mtu aseme mbele yangu kwamba vitabu ni kazi ya karani. Kanuni ya 535 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inamwagiza paroko mwenyewe ahakikishe vitabu vinaandikwa sawasawa na kutunzwa, na pembeni mwa kila jina la mbatizwa kuandikwe kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima za kitawa, na hata kuasiliwa kwa mtoto. Mambo hayo yote hutakiwa yaonekane kwenye cheti. Ndoa kuandikwa pembeni mwa ubatizo kuliagizwa na amri ya Ne temere, iliyotolewa mwaka 1907 wakati wa Papa Pius X, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni utaratibu mpya ambao haujatufikia. Mimi nilisoma falsafa na teolojia kwa miaka ya kutosha kubishana juu ya Utatu Mtakatifu usiku kucha, lakini sikumbuki hata siku moja niliyofundishwa kufungua bahasha.

Taarifa kumi na tisa niliziandika kwa jioni mbili. Taabu ilikuwa kitabu cha kati, ambacho paa lilikivujia kwa muda nisioujua, hadi kurasa za miaka minne zikagandamana kama mkate uliolowa. Rafiki yangu, padre mwenye umri mkubwa kuliko mimi na anayejua kila kitu, alinishauri nizianike juani. Basi nikazibandua nilizoweza, nikazitandaza uani nyuma ya nyumba ya mapadre, kila moja na kijiwe chake juu, nikajiona mtunza nyaraka hodari. Saa hiyo hiyo nikaitwa kumpelekea mgonjwa sakramenti ya Mpako, nami siku zote nimeshika kwamba mgonjwa hangoji. Niliporudi, upepo ulikuwa umeshafanya ziara yake ya kichungaji. Watumishi wa altare walikuwa wakikimbiza wabatizwa wa mwaka mzima kuelekea barabarani, mmoja amepanda juu ya ukuta, mwingine amekalia karatasi tatu ili zisiruke, na zile zilizobaki mahali pake zilikuwa zimekunjamana huku wino ukipauka kwa jua. Kurasa mbili hazikuonekana hadi leo. Ukurasa uliolowa hukaushwa kivulini, penye hewa, ukiwekewa karatasi kavu zinazofyonza maji na kubadilishwa mara kwa mara. Hilo nililijua wiki moja baada ya kulihitaji.

Ushauri wa pili ulikuwa nitangaze Misa ya Dominika kwamba kila mwamini alete cheti chake. Nilitangaza. Walileta vyeti vya parokia nyingine, vya shule, vya chanjo, na bibi mmoja akaleta picha ya harusi yake akitaka niibariki. Nilichopata humo ni majina saba.

Kilichonisaidia ni majalada ya ndoa, ambayo hakuna aliyekuwa ameyagusa. Kila wachumba wanapojiandikisha huleta cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa desturi iliyoenea kisizidi miezi sita, nacho hubaki ndani ya jalada. Humo nikawakuta watu wangu waliopotea, kila mmoja na namba yake, tarehe yake, wazazi na wasimamizi wake, wamenakiliwa kutoka kitabu kile kile kabla hakijalowa. Kitabu cha kipaimara kikanipa wengine. Nilicheka peke yangu ofisini kama mtu aliyeokota fedha kwenye koti lake kuukuu.

Waliobaki niliwapata kwa hila ninayojivunia zaidi kuliko mahubiri yangu yoyote. Niliona kwamba watoto hubatizwa kwa makundi, na watu wazima wengi hubatizwa pamoja katika Mkesha wa Pasaka, kwa hiyo badala ya kumwita mtu mmoja mmoja, nikaita kundi zima la tarehe moja likae chumba kimoja. Akina baba hawakukumbuka lolote. Akina mama walikumbuka hadi nguo. Mmoja alimnyoshea kidole mwenzake akasema, “Padre, huyu mtoto wake ndiye aliyelia mpaka mshumaa ukazimika, na msimamizi wake alikuwa dada yangu.” Kanuni ya 876 inakubali kauli ya shahidi mmoja asiye na shaka, ikiwa hakuna anayedhurika, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Mimi nilipata mashahidi watano waliokuwa wakisahihishana.

Kansela wa jimbo, mtunza kumbukumbu wa ofisi ya askofu, aliniruhusu kuyaandika upya majina hayo, kila moja likionyesha lilipatikana wapi. Gharama yote ya vitabu vipya, wino usiofutika na jalada la ngozi haikuzidi ya mishumaa ya altare kwa miezi michache. Ukikosea jina, usilifute wala kulipaka rangi nyeupe. Lipige mstari, andika jina lililo sahihi juu yake, utie saini. Wala usikipeleke kitabu cha zamani jalalani baada ya kukinakili kwenye kompyuta, kama alivyonishauri rafiki yangu yule yule wa jua.

Askofu alipofanya ziara, mjumbe wake alivikagua vitabu kwa zaidi ya saa moja, ukurasa kwa ukurasa, nami nikasimama mlangoni nikisubiri sifa. Alipata kosa moja. Ulikuwa ubatizo wa Dominika iliyotangulia, nilioufanya kwa mikono yangu, na nafasi ya jina la mbatizaji ilikuwa tupu. Hakusema neno, akanisogezea kalamu.