Nilivyoamsha injini ya Volkswagen Beetle iliyolala miaka mingi

Injini ya Beetle ya 1600 (cc) ikishakaa miaka bila kuwashwa, kinachoimaliza mara nyingi si kutu yenyewe bali haraka ya kugeuza ufunguo. Stata inavuta kwa nguvu, ringi za pistoni zilizoganda zinakwaruza silinda au kukatika, na kazi ya wiki moja inakuwa ya kufungua injini nzima. Kwa hiyo betri niliiweka kando mpaka karibu na mwisho.

Nilianza kwa kutoa plagi zote nne. Silinda za injini hii zimelala ubavu, hivyo oili ukiimimina tu kwenye tundu la plagi inatuama upande wa chini na ringi zinabaki kavu juu. Nilichukua bomba la sindano, nikalichomeka mpira mwembamba, nikarusha mililita 20 hivi kila silinda huku nimeuelekeza juu: oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Viwili hivi havichanganyiki vizuri, kwa hiyo tikisa chupa kila unapovuta. Nilirudia asubuhi na jioni kwa siku tatu, ndipo nikaweka spana ya 21 kwenye nati ya puli ya dainamo na kusukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Mkanda ukiteleza, hamia kwenye boliti ya puli ya chini, ya 30. Injini ikigoma usirefushe spana kwa bomba, ongeza siku.

Wakati oili inafanya kazi yake, nilifungua boksi la feni. Watu wengi wanaruka hatua hii. Panya hupenda kujenga juu ya mapezi ya silinda, na injini isiyo na rejeta ikizibwa pale inaungua bila kukuonyesha dalili mapema. Angalia pia ule mpira unaozunguka chumba cha injini. Ukiwa umekatika, feni inavuta hewa moto kutoka chini, kwenye ekzosi.

Petroli ya zamani ikinuka kama vanishi, mwaga yote. Tenki liko mbele, limeshikwa na boliti nne tu. Kutu ya ndani niliitoa kwa siki usiku kucha pamoja na konzi ya nati za zamani za kutikisa, nikasuuza kwa maji yenye magadi, kisha nikakausha papo hapo kwa hewa. Ukiliacha lenyewe likauke, kutu mpya inaanza siku hiyo hiyo. Mipira yote ya mafuta badilisha, hata inayoonekana mizima, kwa sababu ile yenye kitambaa nje hupasuka ndani bila kuonekana. Tena shika kile kibomba cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta ukivute kwa koleo. Kikicheza, kitachomoka siku moja na kumwaga petroli juu ya distributa, kifaa kinachogawa moto wa plagi. Kizimba cha injini ni cha magnesiamu. Kikishika moto, maji yanauchochea.

Oili ni lita 2.5. Chujio la chini ni wavu tu, limefungwa kwa nati sita ndogo zinazohitaji Nm 7 basi. Wanaozikaza kwa nguvu ya mkono mzima ndio wanaong'oa stadi (boliti zilizopandwa) kwenye kizimba, halafu wanalaumu gasketi kwa kuvuja.

Tapeti, yaani nafasi za valvu, nilizipima injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima: 0.15 mm, za kuingiza na za ekzosi. Kijiti cha rota, kinachozunguka ndani ya distributa, kikielekea alama ya silinda namba 1 kwenye ukingo wa distributa, seti namba 1. Kisha geuza puli nusu mzunguko kinyume cha saa, namba 2, halafu 3, halafu 4. Ncha ya skrubu ya kurekebishia ikiwa imelika kishimo, fila geji (kibati cha kupimia nafasi) inapita juu ya kishimo na kukudanganya, valvu inabaki na nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Nafasi ya platini, swichi ndogo ndani ya distributa, niliweka 0.4 mm, ya plagi 0.7 mm. Mpangilio wa moto, yaani silinda zinavyopokezana kuwaka, ni 1-4-3-2, ndiyo maana ukigeuza kinyume unapata 1, 2, 3, 4.

Hapo ndipo betri ikaingia. Plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umetolewa, nilizungusha stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili ikazimika. Nikarudisha plagi, nikalisha kabureta kutoka chupa ndogo, na ilipowaka ilitoa moshi mweupe kama dakika tano. Ni ile oili ya silinda inaungua, usiizime.

Iliunguruma dakika 20, ikalala, na kesho yake nikapima tapeti upya. Ya ekzosi ya silinda namba 3 ilikuwa imeshuka mpaka 0.10. Ndiyo silinda yenye joto zaidi kwenye injini za kabla ya modeli ya 1971, kwa kuwa kipozea oili kinaizuia hewa. Nimeirudisha 0.15 na kuiandika pembeni. Nafasi inayopungua maana yake valvu inarefuka au kikalio kinazama, kwa hiyo nitapima tena baada ya kilomita 500. Ikiwa imeshuka tena, kichwa cha upande huo kinatoka.