Darasa Lenye Kufuli

Mwaka 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi kutoka PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hadi gredi ya tatu, nilikuwa mwalimu wa chekechea wa kandarasi katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Malipo yalikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na mwezi wenyewe ulikuwa na tabia ya kuchelewa. Dhiki haikuwa ngeni kwangu. Kabla ya ugatuzi wa 2013 wazazi ndio waliotulipa, na nazi zikikosa soko mwalimu naye alilala njaa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyozikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Walimu wa msingi wakabaki na TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu, sisi tukawa wa gavana.

Tofauti hiyo niliionja likizo ya Aprili. Wenzetu wa msingi, tunaotumia nao uwanja mmoja na choo kimoja, waliitwa kwenye mafunzo ya mtaala mpya. Sisi tukaambiwa tungoje kaunti. Nikawa nafundisha kwa kunakili daftari la mwalimu wa gredi ya kwanza, mtu mwema, Mungu ambariki, ila mwandiko wake autambue mwenyewe.

Mei ikafika tangazo kwamba kamati ya bajeti ya bunge la kaunti itakuja wadi yetu kusikiliza maoni ya umma. Mwalimu mkongwe wa kituo chetu, tuliyemwita bi mkubwa, aliyesomea kazi kupitia zile kozi za likizo za DICECE, vituo vya wilaya vya kufundisha walimu wa chekechea, akanituma saiba, duka la intaneti, nikachapishe kurasa za elimu peke yake, maana kitabu kizima cha makadirio kingetumalizia pesa za unga.

Tulizisoma jioni barazani kwake. Fungu la kujenga madarasa lilikuwa limenona. Fungu la mafunzo ya walimu lilikuwa na kistari, kile ambacho wahasibu huandika penye sifuri. Na pesa za malipo yetu, ukizigawa kwa idadi ya walimu, zilikomea Machi ya mwaka uliofuata. Aprili hadi Juni hatukuwamo. Bi mkubwa akairudia hesabu kwenye kiganja kwa kalamu, akaniambia, "Mwanangu, hawa wametufuta kazi kimyakimya, na tusingejua hadi mwakani."

Kikao kilifanyika chini ya hema karibu na ofisi ya chifu. Wa kwanza kusema walikuwa wanaume: barabara, maji, gari la wagonjwa, tena barabara. Siwalaumu. Hata mimi nachota maji kwenye bomba lilelile linalokauka Januari. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, na karani alikuwa ameshaanza kukunja karatasi zake bi mkubwa aliposimama bila kupewa ruhusa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, twashukuru kwa darasa mlilojenga kijiji cha pili mwaka jana. Lina twiga ukutani, lina viti vidogo vya rangi. Nauliza tu, ufunguo anao nani?"

Watu wakacheka, kwa sababu kila mtu alilijua darasa lile. Lilifunguliwa kwa sherehe na keki, likapigwa kufuli kwa kukosa mwalimu. Watoto wake walikuwa wanatembea hadi kwetu, na chumba changu kilikuwa kimejaa hadi mlangoni.

Mwenyekiti hakukasirika. "Mama, sheria inatubana. Asilimia 30 ya bajeti lazima iende maendeleo, na mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Darasa ni maendeleo. Mwalimu ni matumizi."

Alisema kweli, sheria ya fedha za umma ya 2012 na kanuni zake ndivyo zilivyo. Nadhani zilitungwa kwa nia njema, kuwazuia magavana wasijaze ofisi jamaa zao. Ila kwa chekechea zinazaa kituko: mawe yanahesabiwa faida, na mtu anayemfundisha mtoto kushika kalamu anahesabiwa gharama, kama mafuta ya magari ya wakubwa.

"Basi mwanangu," bi mkubwa akamjibu, "hilo lenye kufuli linamfundisha nani?"

Nikaingilia na karatasi zangu. Niliomba fungu la mafunzo lirudishwe na malipo yafike Juni. Nikataja na pesa zitoke wapi: katika madarasa mapya yaliyopangiwa wadi yetu, moja lisubiri. Hapo ndipo nilipojitafutia maneno. Mzee mmoja, ambaye kijiji chake kilikuwa kwenye orodha, akainuka akiwa ameshika fimbo.

"Mwalimu, wataka kula darasa la wajukuu zetu?"

"Mzee wangu, likijengwa bila mwalimu litaliwa na mchwa."

Hakuridhika, na hadi leo sidhani nilikuwa na jibu la kumridhisha.

Mwishoni mwa Juni bajeti ilipita. Malipo yalifika hadi Juni mwaka uliofuata, mafunzo yakapata kitu, pungufu ya tulichoomba, na darasa la kijiji cha mzee likaahirishwa. Tukashangilia mapema. Huko Nairobi Seneti na Bunge la Taifa walikuwa wanavutana juu ya mgao wa kaunti, Seneti ikitaka shilingi bilioni 335, Bunge la Taifa bilioni 310, hadi walipokubaliana bilioni 316.5 mwezi wa Septemba. Muda huo wote kaunti zilikuwa zinahaha, nasi tulifundisha kwa mkopo wa dukani. Malimbikizo yaliingia Oktoba. Mafunzo tuliyapata likizo ya Desemba, katika shule moja ya bweni, na kwa mara ya kwanza nikakitumia kitabu cha mwongozo ambacho si nakala ya mtu.

Mzee wa fimbo tunakutana sokoni. Salamu yake haijabadilika: "Mwalimu, darasa letu?" Nilimwambia Mei ikifika aje tukae mstari wa mbele pamoja, alitake darasa na mwalimu wake kwa mpigo mmoja. Akasema atakuja, ila nauli niilipe mimi, kwa kuwa sasa nina mshahara.