Michoro asubuhi, maji baridi mchana: siku yangu magharibi ya Alice Springs

Alice Springs iko katikati ya Australia, na ukitaka kufika baharini kwa barabara ujiandae kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nasoma Adelaide. Nilikwenda huko kumtembelea dada yangu anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kichwani nilikuwa na mambo mawili: kuona michoro ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, karibu na wanaoichora, na kuogelea. La pili lilimchekesha shemeji. "Kuogelea jangwani, shemeji? Labda mchangani." Yeye amekaa mji ule siku nyingi bila kujua zaidi ya njia ya kazini na ya dukani, kama tulivyo wengi wetu ugenini.

Kampuni za utalii zipo, ila bei zake kwa mwanafunzi zinauma, na ratiba nilizoziona zilikuwa za kukimbizwa kutoka korongo hadi korongo. Shemeji alikuwa na gari na Ijumaa moja ya mapumziko. Dada akapika pilau usiku, tukaamua kwenda wenyewe.

Nilichokipigia hesabu kwanza ni jua. Bwawa nililolitaka linaitwa Ellery Creek Big Hole. Waarrernte wa Magharibi, wenye nchi ile, huliita Udepata. Liko takriban kilomita 90 magharibi ya mji, pale mto ulipokata safu ya milima na kuacha ukuta wa mwamba mwekundu kila upande. Kuta hizo ni nzuri kwenye picha, lakini zinayanyima maji jua kwa sehemu kubwa ya siku, na maji yenyewe ni ya kina. Ukifika asubuhi mapema utakuta kivuli na baridi ya kukufukuza. Saa sita hadi saa nane mchana ndio wakati wa kuingia. Michoro haina neno na jua, kwa hiyo ikapewa asubuhi.

Saa nne tulikuwa kwenye jumba la sanaa la Araluen, lililo pembeni ya barabara ileile inayotoka mjini kuelekea magharibi. Humo kuna kazi za Albert Namatjira. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba sanaa ya Waaborijini ni vitone tu, na bila shaka wengi wenu mnadhani hivyo. Namatjira alichora kwa rangi za maji: milima, mabonde, na mikaratusi yenye gome jeupe kama chokaa. Ndiyo, mikaratusi hii hii iliyopandwa kwetu na kusemwa kwamba inakausha visima. Kwao ndiko huku, na huko kwao inapendeza mno.

Alizaliwa mwaka 1902 Ntaria, kituo cha wamisionari wa Kilutheri ambacho kwenye ramani kimeandikwa Hermannsburg. Mwaka 1936 alifuatana na mchoraji mzungu, Rex Battarbee, akimwongozea ngamia, na kwa malipo akataka afundishwe rangi. Miaka miwili baadaye alifanya maonyesho yake Melbourne na picha zote zikanunuliwa. Mwaka 1957 serikali ikamwondoa yeye na mkewe kwenye sheria zilizowabana Waaborijini wenzao, akaruhusiwa hata kununua pombe. Wenzake hawakuruhusiwa. Sasa mwambie mtu aliyelelewa kugawana kila kitu na nduguze kwamba chupa hii ni halali kwako na ni kosa kwa binamu yako. Mwaka 1958 alihukumiwa kwa kosa hilohilo la kugawana, akatumikia miezi miwili, na mwaka 1959 akafariki akiwa na miaka 57.

Kilichomkera shemeji zaidi kilikuja baada ya kifo. Mwaka 1983 ofisi ya serikali iliyokuwa ikisimamia mirathi yake iliiuzia kampuni moja hakimiliki ya picha zake kwa dola 8,500, na familia ikakaa bila haki hiyo mpaka iliporudishwa mwaka 2017. "Elfu nane na mia tano," shemeji alirudia kila tulipopita picha nyingine. "Gari langu bovu lina bei kubwa kuliko hiyo." Ukweli ni kwamba gari lake ni bovu kweli.

Kabla ya kuondoka mjini tulipita Iltja Ntjarra, kituo cha wachoraji ambako wajukuu na jamaa za Namatjira wanaendelea na rangi za maji. Hapa ndipo ningetumia muda mrefu zaidi kama si lile jua nililolihesabia. Wachoraji wanakaa mezani, wanachora, na wewe unaruhusiwa kutazama. Kulikuwa na mama mtu mzima akichora kilima kwa brashi nyembamba, na ulimi uliniwasha kusema shikamoo. Nikasalimia kwa Kiingereza nikainamisha kichwa, akaitikia kwa kichwa, akanisogezea kiti bila kuacha kazi. Hakuwa mtu wa maneno, wala sikumsumbua kwa maneno. Simu niliiacha mkobani. Huku kupiga picha ni mpaka uombe, na kwenye kumbi nyingi utakuta tangazo linaloonya kwamba ndani kuna majina au sura za marehemu, kwa sababu jamii nyingi za Waaborijini huepuka kuwataja na kuwatazama waliotangulia, hasa msiba ukiwa bado mpya.

Njiani ndipo tulipoanza kuvilinganisha vitone na Tingatinga. Shemeji ni mtu wa Dar, na hoja yake ilikuwa kwamba vyote ni biashara ya watalii. Nikamkatalia nusu. Ule mtindo wa vitone uliosambaa duniani ulianza kwenye makazi ya Papunya, kaskazini-magharibi ya Alice Springs, mwaka 1971, wazee walipochora ukuta wa shule alipokuwa akifundisha mwalimu Geoffrey Bardon. Mwaka 1972 wakaunda kampuni yao, Papunya Tula. Mwaka huohuo wa 1972 Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam, baada ya miaka kama minne tu ya kuchora. Wazee wa Papunya walianza kwa vipande vya mbao za kubandika ukutani, na Tingatinga vilevile, yeye kwa rangi ya kupakia baiskeli. Hadi hapo ni kama ndugu.

Wanapoachana ni kwenye swali la nani ana ruhusa. Tembo wa Tingatinga akishatoka mkononi mwa fundi, kijana yeyote wa Zanzibar anaweza kumchora kesho yake na hakuna atakayemuuliza. Papunya si hivyo. Mchoro ni habari ya mahali fulani, kisima fulani, njia waliyopita wahenga, na habari hiyo ina wenyewe kwa ukoo. Usiye wa ukoo huo huichori, hata kama mkono wako ni mwepesi kuliko wao. Tena kuna mambo ya ndani ambayo hayafai kuonwa na kila mtu, na inaelezwa kwamba vitone vilizidi kutumika kwa sababu vilisaidia kuyafunika. Shemeji akanyamaza kidogo, kisha akasema basi hiyo ni kama unyago, ngoma tunaisikia wote ila ya ndani wanayajua wenyewe. Sikuwa na la kuongeza.

Barabara inatoka mjini kwa jina la Larapinta Drive, kisha unashika Namatjira Drive, na ni ya lami. Wanaendesha kushoto kama kwetu. Mtandao wa simu ulitukimbia mapema, kwa hiyo ramani iwe imeshapakuliwa, tangi limejaa, tairi la akiba lina upepo, na maji ya kunywa ni mengi kuliko unayodhani yatatosha. Wageni kutoka nje ya jimbo hununua kibali cha hifadhi mtandaoni. Changu cha siku moja kilikuwa dola kumi, na shemeji kama mkazi hakulipa. Mchana ule milima ilikuwa ya kahawia na nyekundu, hakuna ile zambarau ya kwenye picha za Namatjira hata kidogo, nikaanza kumshuku mzee wa watu kwamba alizidisha.

Mama yangu alikuwa ameshaniuliza kwa WhatsApp kama huko hakuna mamba. Swali zuri kwa mtu anayeujua mto Pangani. Mamba wa Australia ni wa kaskazini, upande wa Darwin, kilomita 1,500 kutoka hapo, na huko kweli usitie hata mguu bila kusoma kibao. Mabwawa ya jangwani katikati hayana mamba. Hatari yake ni baridi. Kibao cha Udepata kinaonya wazi kwamba maji yanaweza kuupoza mwili hadi misuli ikakataa kazi, na hakuna mwokoaji.

Nguo nilivaa suruali ya kubana na blauzi ya kuogelea ya mikono mirefu, na hakuna aliyenigeukia, maana kwa jua la huku nusu ya watu huvaa hivyohivyo. Burkini yenyewe, vazi la kuogelea la kujisitiri, ilibuniwa Sydney, mwaka 2004, na mama mmoja mwenye asili ya Lebanon.

Niliingia polepole: miguu, magoti, kiuno, nikisimama kila hatua mpaka pumzi itulie. Mchanga juu ulikuwa unaunguza na joto lilikuwa la jasho, lakini maji yalinikaba kifua kana kwamba nimemwagiwa ndoo ya barafu. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa pwani hulisahau: maji baridi yasiyo na chumvi hayakubebi. Mwili uliozoea kuelea baharini Raskazone, kwetu Tanga, unazama zaidi hapa na unachoka haraka. Wenyeji huja na ile mirija mirefu ya sponji ya kuelea, nasi tulikuwa tumenunua mmoja dukani kwa dola chache. Nikaukumbatia, nikapiga miguu hadi katikati ya lango la mwamba. Maji ni meusi pale, ukitazama chini huoni kitu, na ukuta unapanda juu yako mwekundu moja kwa moja. Sikukaa sana. Midomo ilipoanza kutetemeka niligeuka. Shemeji alifika magotini akasema imetosha, akarudi kwenye pilau na vita yake na nzi. Ukienda, nunua wavu wa kufunika uso. Unachekesha lakini unakula kwa amani.

Baada ya hapo tuliendelea kama nusu saa hadi kwenye machimbo ya udongo wa rangi, ukingo wa mto mkavu wenye tabaka za nyekundu, njano na nyeupe zilizosimama wima. Waarrernte wamekuwa wakichukua hapo rangi ya kujipaka kwenye sherehe na ya dawa tangu zamani. Mgeni kuchukua hata kipande ni kosa la kutozwa faini.

Tulianza kurudi mapema makusudi. Giza likiingia kangaruu na ng'ombe wanaingia barabarani, na kampuni nyingi za kukodisha magari haziruhusu kabisa kuendesha usiku nje ya mji. Kwa kuwa tulielekea mashariki, jua lilikuwa mgongoni, likiipiga milima sawasawa, na kama saa kumi na moja zambarau ikatoka kwenye makunyanzi yote ya miamba. Nikamwomba mzee radhi kimoyomoyo.

Kununua nilikuacha Jumamosi asubuhi, kwa kichwa kilichotulia. Mjini kuna duka la Papunya Tula lenyewe, la wachoraji wenyewe, na turubai zake nyingi zilinizidi uwezo. Nikarudia rangi za maji, kipande kidogo kisichofika dola mia mbili, chenye karatasi inayotaja mchoraji na mahali anakotoka. Karatasi hiyo si urembo. Mwaka 2019 mahakama iliitoza kampuni moja dola milioni 2.3 kwa kuuza maboomerangi, zile fimbo za kurusha zilizopinda, na bidhaa nyingine kana kwamba zimetengenezwa na Waaborijini, kumbe zimetoka Indonesia. Muuzaji akishindwa kukutajia nani amechora, ondoka. Na ukija kuiuza picha baadaye kwa mfanyabiashara wa sanaa kwa dola 1,000 au zaidi, sheria ya tangu 2010 inampa mchoraji au warithi wake asilimia tano.

Mimi nilikwenda mwezi wa tatu. Wenye watoto ningewashauri wasogee hadi Ormiston Gorge, kilomita 135 kutoka mjini, ambako kuna vyoo na kioski na mchanga unashuka taratibu, ingawa upande mmoja kina kinafika mita 14. Mwezi wa sita hadi wa nane usiku huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri, na maji hayasahau. Wakati huo nendeni kwa michoro, na Udepata mkae mchangani na chupa ya chai.