Usiombe "kazi yoyote", ongea na wale mnaojuana juu juu

Jamani kuna kitu nataka niwaambie wadogo zangu mnaotafuta kazi, maana kila nikiingia kwenye magrupu ya WhatsApp nakuta meseji ile ile, "wakuu naomba konekshen ya kazi yoyote", watu wanaipita tu. Sio roho mbaya. Mtu akisoma kazi yoyote hajui akuunganishe wapi, anakuonea huruma, anasema tutakucheki, imeisha hiyo.

Halafu wengi tunaishia kwa watu wa karibu, washkaji wa geto, binamu, mjomba. Wanakupenda kweli ila tangazo wanaloliona wao na wewe umeshaliona, mnaforwadiana nyie kwa nyie. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliliandika hili tangu 1973, kwamba habari mpya za kazi mara nyingi zinaletwa na watu tunaofahamiana nao kidogo, na 2022 jarida la Science likatoa utafiti wa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, ukaonyesha kwamba wanaosaidia zaidi sio wale msiojuana kabisa, ni wa katikati, ambao mna marafiki wachache wa pamoja. Sasa kwetu huku hao ni nani? Ni dada aliyekusimamia field, senior wako chuo, kaka mliyekuwa mnaimba naye kwaya akahamia Mwanza. Namba zao unazo, status zao unaziangalia kila siku, ila hujawahi kuwaambia unafanya nini.

Mdogo wangu kasoma mambo ya clearing and forwarding, yaani kutoa mizigo forodhani, pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), na meseji iliyomfungulia njia ilikuwa fupi tu, naiweka hapa kwa ruhusa yake:

"Shikamoo dada. Mimi ni yule mwanafunzi wa NIT niliyefanya field kwenu, ulinifundisha kuandaa document za magari kwenye TANCIS. Nimemaliza chuo, natafuta nafasi ya declaration hapa Dar. Kama kuna ofisi unajua wanahitaji mtu, naomba unielekeze niongee na nani. Asante kwa ulivyonifundisha."

TANCIS ni mfumo wa forodha wa TRA, na declaration ni kazi ya kuandaa taarifa za mzigo kwa ajili ya forodha. Angalia alichofanya. Kamkumbusha wamejuana wapi, kataja kazi kwa jina lake, na hajaomba ajira, kaomba kuelekezwa tu, kitu ambacho mtu anaweza kukifanya akiwa kwenye daladala. Dada yule ofisini kwao hapakuwa na nafasi ila akamtumia namba ya ofisi nyingine, huko ndiko alikoitwa kwenye interview.

LinkedIn nayo msiidharau eti ni ya mabosi. Pale chini ya jina lako usiandike "mchapakazi ninayejituma", kila mtu kaandika hivyo, andika unachokijua, mhasibu, natumia QuickBooks, nafanya ritani za VAT, kwa sababu HR anayetafuta mtu anatafuta kwa maneno hayo hayo. Na ukiona mtu wa fani yako kaposti kitu cha kazi, changia kitu cha maana hata sentensi mbili, baada ya muda jina lako linazoeleka kwake, siku ukimwandikia inboksi sio mgeni tena.

Kazi za serikali hapo ni habari nyingine, zinapita Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, jaza profaili yako vizuri uombe humo, usihangaike na mtu anayekuambia ana mtu wake utumishi. Na hili linaniuma sana kwa kweli, kuna watu wanawinda wenye shida humu humu mitandaoni, anakuja inboksi na logo ya kampuni kubwa, umepata kazi bila interview, tuma hela ya fomu, tuma ya medical, kesho namba haipatikani. Akishataja hela tu, usijibu, mbloku, halafu piga simu kampuni yenyewe kwa namba iliyopo kwenye tovuti yao uulize kama hiyo nafasi ipo kweli.