Tulifuata maporomoko, tukarudi na cherehani

Tuliondoka alfajiri, mimi na mke wangu, kwenda kutazama maporomoko ya maji na kurudi siku hiyohiyo. Kabla ya saa nne mvua ikatufungia njia, tukageuza gari. Njia panda palikuwa na banda la vitu vya zamani, na chini ya meza moja, nyuma ya redio zilizokufa, sanduku la mbao lenye mgongo wa mviringo na mpini juu. Mke wangu alilitambua kabla halijafunguliwa: mfuniko uliopindwa namna ile ni wa cherehani ya mkono.

"Mama, hiyo imekufa, gurudumu halizunguki," muuzaji alisema. "Labda ya kupamba sebuleni."

Ukikutana na cherehani kama hiyo, usianze na bei. Kwanza vuta vibati viwili vinavyoteleza, kimoja mbele ya sindano na kingine nyuma, uangalie kama gamba la bobini limo. Katika Singer hii, aina ya 28, bobini si ya duara kama za leo. Ni ndefu na nyembamba, nalo gamba lake lina umbo la mtumbwi mdogo wenye ncha kali, linalosukumwa mbele na nyuma chini ya sindano. Likikosekana, bei ishuke sana, maana bila gamba hakuna mshono. Letu lilikuwamo, limekwama kwenye utando wa uzi na vumbi.

Kisha lile gurudumu. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, shika gurudumu, ulisukume mbele na nyuma polepole. Likicheza hata upana wa ukucha, kilichoshika ni mafuta yaliyoganda, na hayo hutoka. Likiwa gumu kama jiwe, laza kichwa cha mashine nyuma kwenye bawaba zake, umulike chini kwa tochi: kutu nyekundu juu tu si hoja, kutu iliyokula vyuma hadi mashimo ni sababu ya kuondoka. Usijaribu nguvu kwa mpini wa mkono, kwani meno ya gia yake huvunjika.

Namba ya usajili imepigwa juu ya kitako cha chuma, upande wa gurudumu. Yetu ilianza na herufi Y, yaani ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kati ya mwanzo wa miaka ya 1920 na katikati ya miaka ya 1930. Singer ilianza kuweka herufi mwaka 1900. Namba tupu huonyesha mashine ya kabla ya hapo. Hata hivyo mwaka unaopatikana ni wa fungu la namba kugawiwa kiwandani, si lazima uwe wa mashine kukamilika. Na umri usikupandishe bei kichwani: mashine hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Thamani iko kwenye ukamilifu na kwenye nakshi za dhahabu.

Nakshi hizo ndizo wengi huziua nyumbani. Spiriti na dawa za amonia huyeyusha vanishi iliyozifunika, na dhahabu inageuka kijivu. Tumia mafuta ya cherehani na pamba, kipande kidogo kidogo, bila kusugua.

Kubeba: shika kitako cha mbao, si kichwa, wala usiuamini mpini wa mfuniko, maana kufuli likilegea kilo zaidi ya 10 zinaangukia mguu wako. Tuliiweka nyuma ya gari, imezungushiwa blanketi.

Usiku ule tulidondosha mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta na popote chuma kinaposuguana na chuma, tukaiacha hadi asubuhi. Gurudumu likazunguka. Baada ya hapo ni lazima mafuta ya cherehani, tone moja moja, kwa sababu mafuta ya taa huosha lakini hayalainishi kwa muda mrefu. Mafuta ya kupikia kamwe. Ndiyo yanayoganda hivyo.

Mpini husukumwa kwenda mbele, mbali nawe, na mzunguko mmoja hushusha sindano mara tatu. Sindano ya kawaida ya cherehani za nyumbani inafaa, ubapa wake ukielekea lilipo gamba na uzi ukiingizwa kutoka upande wa mfereji mrefu. Ukigeuza, mshono unaruka. Mguu usishushwe bila kitambaa chini yake mashine ikizunguka, la sivyo meno ya kusukuma kitambaa yanalika.

Bobini ilikuwa bado na uzi wa buluu wa mtu wa zamani. Tuliujaribu kwa vidole: ukakatika bila kuvutwa.