Nilivyojaribu kapsuli za mafuta ya mnanaa kwa tumbo linalosokota

Kwa muda mrefu tumbo lilikuwa likinisokota chini ya kitovu, upande wa kushoto, hasa asubuhi, na halikutulia mpaka niende chooni. Kuna wiki nilizoharisha, na kuna wiki choo kilikuwa kigumu, kidogo kidogo, kinachotoka kwa taabu. Katikati ya hapo ni gesi na tumbo kujaa kiasi cha kulegeza mkanda nikiwa nimekula chakula cha kawaida tu. Anayeishi na hali hii anajua inavyompangia mtu siku: ukifika mahali pageni unaulizia choo kabla hujaulizia kiti.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita IBS, kifupi cha Kiingereza cha irritable bowel syndrome, yaani utumbo unaokereka upesi. Ukimulikwa ndani, utumbo unaonekana mzima, bila kidonda wala uvimbe, lakini mwendo wake umevurugika na mishipa yake ya fahamu inahisi kupita kiasi. Gesi ambayo mwenzako hata haisikii, wewe inakuuma kweli. Nasisitiza neno kweli kwa sababu wengi wetu tumeambiwa ni mawazo tu. Vigezo vya kimataifa viitwavyo Rome, toleo la 2016, vinataka maumivu ya tumbo yawe yanakuja angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 ya karibuni, na dalili ziwe zilianza si chini ya miezi 6 iliyopita. Tena maumivu hayo yaambatane na mambo mawili kati ya haya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, au kubadilika kwa umbile la choo.

Sikugusa mtishamba wowote kabla ya vipimo, na hapa sina kona kona: naomba usiguse na wewe. Nilipimwa damu kuangalia kama imepungua, nikapimwa ugonjwa wa siliaki unaoletwa na ngano, na choo kikapimwa kalprotektini, protini inayopanda utumbo unapokuwa na uvimbe. Daktari aliniuliza pia maswali yaliyonitisha kidogo. Je, umeona damu chooni? Umepungua uzito bila sababu? Kuharisha kunakuamsha usiku? Kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo mpana? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linahitaji uchunguzi zaidi, maana mtishamba unaweza kutuliza maumivu huku ugonjwa mwingine ukiendelea kukua chini kwa chini.

Vipimo vyote vilirudi safi. Nikamwambia daktari kwamba ningependa kuanza na kitu cha asili. Hakunikatisha tamaa.

"Sawa, ndugu yangu," akasema, "ila chagua kitu ambacho kazi yake inaeleweka. Jaribu mafuta ya mnanaa, ya kapsuli. Na usianze vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekudhuru."

Ushauri huo wa kuanza kitu kimoja ulinisaidia kuliko jina la dawa yenyewe, kwa sababu bidhaa nyingi za tumbo ni mchanganyiko. Unakuta majani manane au kumi kwenye chupa moja, na hakuna anayekueleza kila moja limo kwa kiasi gani. Zile zinazotangazwa kuwa zinasafisha tumbo mara nyingi zina sena, mmea wa kuendesha choo, ndani yake. Sena inaharakisha utumbo kwa kuulazimisha ujikaze, na mtu ambaye utumbo wake tayari unajikaza ovyo anaongezewa msokoto. Nilizirudisha rafuni zote.

Mnanaa unaotumika ni ule wenye jina la kisayansi Mentha x piperita, na kiungo chake kikuu ni mentholi. Ili msuli wa utumbo ujikaze, kalsiamu lazima iingie ndani ya seli zake. Mentholi inaziba njia hizo za kalsiamu, na msuli unalegea. Mentholi hiyo hiyo inagusa vipokezi vya baridi kwenye mishipa ya fahamu, ndiyo maana ukiitafuna unahisi ubaridi mdomoni, na inadhaniwa kuwa ubaridi huo unapunguza makali ya maumivu ndani ya utumbo.

Sasa, kwa nini kapsuli na si chai? Chai ya mnanaa naipenda, lakini mafuta yake ni machache na yanaishia juu. Zaidi ya hapo, mentholi hailegezi msuli wa utumbo peke yake. Inalegeza pia ule msuli unaofunga mlango kati ya umio na tumbo, asidi inapanda, na unapata kiungulia. Kwa hiyo kapsuli nzuri huwa na ganda linalohimili asidi ya tumbo, likaja kuyeyuka kwenye utumbo mwembamba. Chupa ya kwanza niliyonunua haikuandikwa chochote kuhusu ganda hilo. Muda mfupi baada ya kumeza nilikuwa nacheua harufu ya mnanaa, kifua kinawaka. Nilipoisoma lebo upya kwa utulivu nikabadilisha, nikachukua aina iliyoandikwa wazi kwamba haiyeyuki tumboni. Mcheuo ukapungua sana. Hiyo ndiyo alama rahisi ninayoijua: ukisikia mnanaa kooni, kapsuli imefunguka mapema.

Kapsuli za kawaida za aina hii zina takriban mililita 0.2 za mafuta, na humezwa moja mara tatu kwa siku, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Zimezwe nzima, bila kutafunwa wala kufunguliwa. Na zisimezwe wakati mmoja na dawa za kupunguza asidi, kwa sababu tumbo likikosa asidi lile ganda linadanganyika na kuyeyuka kabla ya wakati.

Nilianza na daftari kabla ya kuanza na kapsuli. Kila jioni niliandika mstari mmoja: maumivu kwa alama kuanzia 0 hadi 10, tumbo kujaa kwa alama hizo hizo, nimelalaje, kuna jambo gani lililonipa wasiwasi, na choo ni namba ngapi. Hizo namba ni za jedwali la Bristol, lenye aina 7: ya 1 ni vigololi vigumu vilivyoachana, ya 4 ni laini na yenye umbo, ya 7 ni maji matupu. Ukilizoea jedwali hili, mazungumzo na daktari yanakuwa mepesi, huhangaiki tena kueleza kwa aibu. Niliandika hivyo wiki kadhaa bila kumeza chochote, ili niwe na cha kulinganishia. IBS ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na mtu huanza dawa siku aliyozidiwa kabisa. Siku chache baadaye maumivu yangeshuka hata bila dawa, na kapsuli inapewa sifa isiyo yake.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Mwanzoni kurasa zilifanana na zile za kabla. Kisha alama za maumivu zikaanza kushuka, hasa asubuhi. Msokoto uliokuwa ukinikunja ukawa kitu cha kukaa nacho nikiendelea na kazi. Tumbo kujaa kulipungua kidogo, si sana. Choo hakikubadilika hata kidogo: namba zilirukaruka kati ya 2 na 6 vilevile. Nadhani bila daftari ningesema tu nimepata nafuu, au nisingesema, kulingana na hali ya siku hiyo.

Nilipofuatilia utafiti nikakuta picha inayofanana na yangu. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wiki 8 lenye wagonjwa wapatao 190. Kwa kipimo kikuu walichojiwekea tangu mwanzo, mafuta ya mnanaa hayakuizidi dawa bandia, yaani kapsuli isiyo na dawa ndani inayotolewa kwa ajili ya kulinganisha, kwa kiwango cha kuaminika. Lakini kapsuli zinazofunguka kwenye utumbo mwembamba zilionyesha nafuu kwenye vipimo vya ziada, hasa maumivu na usumbufu wa tumbo. Mwaka uliofuata, American College of Gastroenterology, chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani, kilipendekeza mnanaa kwa kutuliza dalili za IBS, huku kikikiri kwamba ushahidi ni wa kiwango cha chini. Mimi nayasoma hivi: ni kitu cha kujaribu kwa ajili ya maumivu, na anayekuuzia kama tiba ya ugonjwa mzima anakudanganya.

Kuna jambo la dawa bandia ambalo siwezi kulipita. Mwaka 2010 mtafiti Ted Kaptchuk wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 80 wa IBS. Karibu nusu yao walipewa vidonge wakiambiwa waziwazi kwamba havina dawa ndani. Baada ya wiki 3, asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wale ambao hawakupewa kidonge. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba nafuu yangu yote ilitoka kwenye mentholi. Nilichoweza kufanya ni kuacha kapsuli kwa muda huku nikiendelea kuandika. Msokoto ulirudi polepole, ukakaa. Nikarudia kapsuli, ukashuka tena. Si ushahidi wa maabara, lakini kwa tumbo langu unanitosha kuamua.

Choo kilihitaji kitu kingine, na nilikianza baada tu ya kujua kapsuli zinafanya nini: maganda ya isabgoli, nyuzinyuzi zinazovuta maji na kuwa kama ute. Husaidia choo kigumu na hata kile chepesi, mradi uanze na kiasi kidogo na unywe maji ya kutosha. Pumba za ngano ni habari nyingine. Watu wengi wenye IBS huzidi kujaa gesi wakizila.

Madhara niliyoyapata ni kiungulia siku nilizokula karibu sana na muda wa kapsuli, na mara chache muwasho wa baridi wakati wa haja kubwa. Huu wa pili hausemwi hadharani, lakini unajulikana: ni mentholi ambayo haikufyonzwa yote, na hutokea zaidi ukiwa unaharisha. Kwa wenye mawe kwenye kibofu cha nyongo, wenye kiungulia kikali, wajawazito, na wanaotumia dawa nyingine kila siku, kapsuli hizi zianzie kwa daktari au mfamasia.

Siku hizi sizimezi mfululizo. Nazianza msokoto unapoanza kupanda kwenye daftari, naziacha ukitulia, na kila ninaporudi kliniki nazitaja pamoja na dawa zangu nyingine, jina na kiasi.