Sukuma wiki ya Januari

Wanaoniuliza nakulaje sukuma wiki ya bustanini Januari hapa Minneapolis, Marekani: sipashi moto kivungulio (greenhouse) chote. Nje hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukitaka ndani pawe Mombasa, bili ya umeme itakuhamisha mji.

Niliziba nyufa zote, nikabandika ndani ile plastiki ya mapovu ya kufungia vyombo. Hita ina kidhibiti joto, nimekiweka nyuzi 4 tu. Sukuma haidai zaidi. Haikui haraka, mwanga ni mchache, lakini inachumika. Wa kudekezwa ni miche ya nyanya, nayo nimeiwekea mkeka wa umeme chini ya trei ili joto liende kwenye mizizi, si hewani.

Ndani ya kivungulio, upande wa kaskazini kando ya ukuta wa nyumba, nimepanga mapipa meusi ya maji. Pipa la lita 200 likipoa kwa nyuzi 10 hutoa joto sawa na uniti 2.3 za umeme, na ni jua la mchana lililolipasha, bure! Siku za mawingu hayasaidii kitu. Jiko la mafuta ya taa sitaki hata kulisikia: linaleta unyevu, kisha ukungu.